Miwani ya VR, Roblox, Minecraft ama kibanda cha PS: mtoto aingie dunia ipi?

Likizo ya Agosti ilikuwa ndiyo imeanza mama mmoja wa mtaa wa Section 58 aliponiletea dukani sanduku jeupe ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Shemeji yake aliye Texas alikuwa amewatumia watoto zawadi. "Fundi, nifungulie hii kitu," akaniambia, "halafu uniambie kama niwape ama niiuze." Ndani mlikuwa na miwani ya VR, yaani ya kuingia dunia pepe, ile ya kujifunika uso kama mchomeleaji mageti, pamoja na vishikio viwili vya mkononi. Watoto wenyewe, msichana wa miaka 11 na kaka yake wa 14, walisimama nyuma ya mama wakinikodolea macho kana kwamba nimeshika matokeo yao ya mtihani.

Mimi hutengeneza simu na mashine za gemu hapa Nakuru, mtaa wa nyuma ya Kenyatta Avenue. Kazi yangu ni vioo, betri na tundu za chaji. Malezi hayamo kwenye bango langu. Lakini swali la yule mama hunijia kila likizo kwa sura tofauti. Mmoja anataka kujua kama Roblox ni salama. Mwingine ananiomba nimfutie mtoto kila kitu kwenye simu. Baba mmoja aliniambia afadhali mtoto akae na simu nyumbani kuliko aende kibanda cha PS (PlayStation), na wiki hiyo hiyo baba mwingine akaniambia kinyume chake. Basi leo naiweka milango hii minne bega kwa bega, niseme ningemfungulia nani upi.

Watu wengi hupima kwa macho: kinachofunika uso kinatisha, kilicho kwenye simu kimezoeleka. Mimi hupima kwa maswali mawili. Nani mwingine yumo mle ndani na mtoto? Na mtu mzima wa nyumbani anaweza kuona au kusikia nini? Ukishayajibu hayo, bei na uzuri wa picha ni mambo ya baadaye.

Miwani ya VR

Quest 3S, miwani ya kampuni ya Meta, ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa dola 299 huko Marekani, kama shilingi 38,000 hivi kabla ya usafiri na ushuru. Ndiyo maana nyingi ninazoziona zimekuja kwenye mizigo ya shangazi na wajomba wa ng'ambo. Ina uzito wa nusu kilo, na chaji yake haifiki mbali, saa mbili na kitu. Ukiivaa, sebule inapotea. Ukigeuza kichwa, dunia nyingine inageuka nawe, na sauti ya mtu aliye kushoto inakuingia kwa sikio la kushoto.

Hapo ndipo utamu ulipo, na madhara yake yanatoka kwenye tundu lilo hilo. Mtu akikutukana kwa SMS, unasoma, unafuta. Akisimama mbele yako, sauti yake sikioni, mikono yake ya katuni ikinyooshwa kifuani pako, mwili unaruka kabla akili haijakumbuka kuwa ni mchezo. Si jambo geni hata kidogo. Mwaka 1993 kulikuwa na dunia pepe ya maandishi matupu iliyoitwa LambdaMOO, isiyo na picha hata moja. Mtumiaji mmoja alitumia programu ndogo kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakibakwa mbele ya umati, kwa maneno tu kwenye skrini. Mmoja wa waliotendewa alieleza kwamba alitokwa na machozi halisi alipokuwa akiandika malalamiko yake. Kama maneno peke yake yalifanya hivyo, jiulize sauti na mwili vitafanya nini.

Jibu lilikuja mwishoni mwa 2021. Meta, kampuni iliyokuwa ikiitwa Facebook hadi Oktoba mwaka huo, ilikuwa ikijaribu dunia yake ya Horizon Worlds, na mwanamke mmoja aliyekuwa katika jaribio akalalamika kwamba avata yake, katuni inayomwakilisha mle ndani, imepapaswa na mtu asiyemjua. Februari 2022 kampuni ikaweka mpaka usioonekana, unaozuia avata moja kuikaribia nyingine kwa chini ya mita moja na kidogo. Januari 2024 ikaripotiwa kwamba polisi wa Uingereza wanachunguza kisa cha msichana wa chini ya miaka 16 ambaye avata yake ilivamiwa na kundi la wanaume ndani ya dunia pepe. Hakuguswa mwilini. Polisi waliona bado kuna jambo la kuchunguza, nami nakubaliana nao.

Sasa swali la pili: mzazi anaona nini? Kwa miwani, haoni kitu. Mtoto akiwa na simu utamwona anatabasamu, ananuna, anaficha skrini ukipita. Akiwa amevaa miwani, hata huo uso umefunikwa. Na mazungumzo ya humo ni ya sauti. Yakishasemwa yamekwenda, hakuna ujumbe wa kumwonyesha mtu kesho. Kuna njia moja ya kupunguza hili ambayo wateja wangu wengi hawaijui: miwani hizi zinaweza kurusha kinachoonekana ndani kwenye simu ya mzazi au kwenye TV. Iwashe, iweke sebuleni, uone anachokiona. Kijana akikataa katakata kurusha, hilo nalo ni jibu.

Meta inasema mtoto aanze akiwa na miaka 10, na wa 10 hadi 12 watumie akaunti inayosimamiwa na mzazi. Ruhusa hiyo ilitolewa mwaka 2023, awali ilikuwa 13. Horizon Worlds ilipofunguliwa Marekani na Kanada Desemba 2021 ilikuwa ya watu wazima, na Aprili 2023 wa miaka 13 wakaanza kuingizwa. VRChat, programu nyingine ya kukutana na watu kwa VR, nayo inadai 13. Ingia jioni moja usikilize sauti zilizomo, utajua umri ule unaandikwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawaniulizi kwa sababu halionekani. Miwani hii hufuata kichwa na mikono kila sekunde. Mtafiti wa chuo kikuu cha Stanford alikadiria mwaka 2018 kwamba dakika 20 ndani ya VR huacha karibu rekodi milioni mbili za mwendo wa mwili. Mwaka 2023 watafiti wa Berkeley walichukua data ya wachezaji zaidi ya 50,000 wa mchezo wa Beat Saber, na kwa sekunde 100 za mwendo pekee wakamtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 94. Unabadilisha jina, unavaa avata ya simba, lakini namna unavyoinua mkono inakutaja. Sisi ni watu tuliopanga foleni KICC, Nairobi, mwaka 2023 kupigwa picha mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa ahadi ya hela, hadi serikali ikasimamisha na Mahakama Kuu, Mei 2025, ikaamuru data ile ifutwe. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayotaka kibali cha mzazi kwa data ya mtoto. Kibali chenyewe tunakitoa kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma. Mimi nikiwemo.

Ya mwilini nitayapitia haraka. Kichefuchefu huja kwa sababu macho yanaona mwendo na sikio la ndani halisikii mwendo wowote. Dakika 15 zinatosha mara ya kwanza. Na nyumba zetu hazikujengwa kwa mchezo huu. Kochi, meza, jiko la gesi, mtoto mchanga anayetambaa, vyote vimo ndani ya hatua tatu.

Lakini nisiionee miwani. Ukiitoa zile programu za kukutana na watu, inabaki kifaa cha kupiga mpira wa meza, kukata vibonge kwa muziki na kutembelea mapango ya bahari. Mle hamna mgeni. Kwa hiyo nikiulizwa kama miwani ni mbaya, huuliza kwanza: yenye watu ama isiyo na watu?

Roblox

Hii haifuniki uso, haihitaji mjomba wa Texas, inaingia kwenye simu ya kawaida ukiwa na bando. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006, na mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba watumiaji wake wa kila siku wamepita milioni 100. Wengi wao ni watoto. Si mchezo mmoja bali ni soko la mamilioni ya michezo iliyotengenezwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo mtoto akikwambia "nacheza Roblox" ni kama amekwambia "niko mjini". Mjini wapi, na nani?

Nikilinganisha na miwani, pigo la mwilini ni dogo. Katuni ya kidijitali ikikusukuma kwenye skrini ya inchi sita, huruki. Hatari ya Roblox iko kwenye urafiki. Mtu hucheza na mtoto wiki mbili, anamsaidia kushinda, anamgawia zawadi kidogo, kisha anamwambia, "Huku kunachelewesha, nipe namba ya WhatsApp." Mtoto akitoka nje ya mchezo, ulinzi wowote uliokuwepo umebaki nyuma. Utafiti wa Disrupting Harm uliochapishwa mwaka 2021, wa ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulikuta kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamepitia unyanyasaji wa kingono wa wazi mtandaoni katika mwaka mmoja. Huo haukuwa utafiti wa Roblox. Ni wa intaneti yote. Lakini mlango wa kwanza mara nyingi ni mahali watoto walipo wengi.

Kampuni haijakaa tu. Uturuki iliifungia Agosti 2024, na Novemba mwaka huo ujumbe wa faragha nje ya michezo ukazuiwa kwa walio chini ya miaka 13. Novemba 2025 ikatangaza kwamba atakayetaka kutumia soga atakadiriwa umri kwa picha ya uso. Ni hatua nzuri, ila nimezirekebisha simu za Nakuru miaka mingi: simu ni ya mama, akaunti ilifunguliwa na kaka, na uso unaoweza kuombwa msaada uko chumba cha pili. Tena vichujio vya maneno vilifunzwa kwa Kiingereza kwanza. Andika uchafu kwa Sheng au Dholuo uone kama mashine itashtuka.

Halafu pesa. Robux 400 ni karibu dola tano, kama shilingi 650. Kwa mtoto hiyo ni namba tu ya kubonyeza, na Google Play inakubali M-Pesa. Mteja wangu mmoja, muuzaji wa nyanya soko la Wakulima, aliniletea simu akidai imedukuliwa. Kila asubuhi Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ilikuwa imeguswa. Hakukuwa na mdukuzi. Kulikuwa na kitinda mimba aliyeijua pini ya mama, na mchezo (si wa kampuni ninayoizungumzia hapa) uliokuwa ukimuuzia mabawa ya kipepeo. Na tusidhani ni ujinga wa watoto wetu: Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani. Milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wachezaji walionunua vitu kwa kutegewa vitufe, na 275 zilihusu faragha ya watoto. Katika kesi hiyo mamlaka ililalamika pia kwamba soga za sauti na maandishi ziliachwa wazi tangu mwanzo, watoto wakiwemo.

Nikiwa nimesema hayo yote, dada yangu anakaa Manyatta, Kisumu, na mwanawe ana kigugumizi. Shuleni hufungua mdomo akiitwa jina tu. Kwenye soga ya maandishi ya Roblox kijana huyo ndiye kiongozi wa kikosi, anatoa amri, anatania. Dada aliniomba nimfungie. Nilimwambia, "Dada, fungia pesa, fungia wageni, lakini kikosi muachie." Baada ya miezi kadhaa akanipigia tena: kijana hashuki ufukwe wa Dunga na wenzake, hali mezani, akinyimwa simu anavunja vitu. Hapo nilikosea mimi. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kutawaliwa na gemu, orodha yake ikaanza kutumika Januari 2022, na kipimo chake si saa ngapi anacheza bali kama mchezo umekula chakula, shule na watu wake, kwa kawaida kwa miezi 12. Dada hakungoja ifike miezi 12. Sasa simu inalala chumbani kwake yeye, na kikosi kinakutana Jumamosi.

Minecraft

Hapa sina maneno mengi, na hiyo ndiyo sifa yake. Inanunuliwa mara moja. Ni vibonge, unajenga, unachimba, unafuga kuku. Watoto wakiwa kwenye waifai moja ya nyumbani wanaweza kuingia dunia moja wao wenyewe tu, binamu na binamu, bila mtu wa nje hata mmoja. Jumba wanalojenga linabaki pale hadi likizo ijayo. Ina duka lake la kuuza mapambo, funga ununuzi kwa pini. Ina pia seva za hadharani ambako wageni wapo, na ukimwachia mtoto aende huko umeshatoka kwenye Minecraft ninayoisifu na kurudi kwenye habari ya Roblox.

Kasoro yake kwa kijana wa miaka 14 ni moja: wenzake watamcheka.

Kibanda cha PS

Unakijua. Mabati, pazia la gunia mlangoni, TV nne, benchi, mchezo shilingi 20, na makelele ya mabao hadi barabarani. Nimetengeneza pedi za vibanda vya Kaptembwa hadi Free Area na sitajifanya ni madrasa. Vijana huwekeana pesa kwa kila mechi, na anayeanza na ishirini ya mchezo hufika kwenye mkeka wa kamari kabla hajamaliza shule. Kuna matusi. Kuna kubwa jinga la miaka 25 ambalo halina kazi, linakaa na watoto wa darasa la sita na kuwatuma sigara. Vibanda vingine vina harufu ambayo si ya sigara.

Hata hivyo, jibu maswali yangu mawili. Nani yumo? Watu wenye sura, wanaojulikana kwao. Nani anaona? Mwenye kibanda, ambaye ana jina la kulinda na chifu wa kumwogopa, na mama yeyote anayeweza kupenyeza kichwa kwenye pazia na kiatu mkononi. Kijana akitukanwa pale, rafiki yake anasikia. Akipigwa, kuna mashahidi. Huwezi kuondoka ukafungua akaunti mpya kwa jina jingine.

Lakini niliposema hivyo, yule msichana wa miaka 11 alinikatiza. "Fundi, na mimi je? Huko wasichana hawaendi." Nilinyamaza. Ana haki. Kibanda cha PS ni salama kiasi kwa kaka yake kwa sababu kimejengwa kwa ajili ya kaka yake. Yeye akiingia, mchezo unasimama, macho yanageuka. Kwenye dunia pepe vilevile, siku atakapowasha maiki na sauti ya kike isikike, ndiyo siku atakayoanza kufuatwa. Kwa hiyo ulinganisho wa mvulana na wa msichana haufanani, hata wakiwa wa tumbo moja.

Basi achague nani nini?

Chini ya miaka 10: Minecraft ya waifai ya nyumbani, na miwani isiguse uso wake kabisa. Miaka 10 hadi 12: hiyo hiyo, na miwani isiyo na watu, nusu saa, TV ikionyesha. Msichana wa umri huo anayetaka kucheza na wenzake, wenzake wawe binamu na majirani, soga ya sauti ikiwa imezimwa. Miaka 13 na kuendelea: Roblox inawezekana, umri wa kweli kwenye akaunti, ununuzi umefungwa, na sharti moja lisilo na mjadala, kwamba urafiki wa mchezoni haupewi namba ya simu. Mvulana wa 14 anayejua kurudi saa kumi na mbili, afadhali kibanda unachokijua na mwenyewe unayemjua kuliko chumba cha VRChat usichoweza kukiona. Dunia za kukutana na wageni kwa miwani, sioni mtu wa chini ya miaka 18 ninayeweza kumshauri aingie.

Na kama jambo limeshatokea, usifute kwa hasira. Piga picha za skrini, andika jina la akaunti na saa, ndipo umzuie mtu huyo. Namba 116 ni ya bure ya kusaidia watoto, mchana na usiku. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 ina makosa ya kusumbua mtu mtandaoni na ya picha chafu za watoto, kwa hiyo usikubali afisa akwambie "hiyo ni gemu tu, mama".

Yule mama wa Section 58 alisikiliza yote, akalipa mia mbili ya kufunguliwa sanduku, akaamua. Miwani ilibaki, nikatoa programu zote za kukutana na watu, pini akaiweka yeye. Msichana alipata Minecraft na binamu zake wa Lanet. Mvulana aliruhusiwa kibanda Jumamosi, na mama akaenda mwenyewe kusalimiana na mwenye kibanda.

Shule zilipofunguliwa akarudi, safari hii amebebewa TV na mwanabodaboda. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati kama utando wa buibui. Nikauliza ni yupi kati ya wale wawili. "Wale walishaenda shule," akasema. "Ni baba yao. Alikuwa anacheza mpira wa meza saa nne usiku."